Nilivyoifunga Sampu ya Gari la Kumpeleka Mke Wangu Mbali

Kwa aliyenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitamfupishia. Mimi ni fundi wa magari. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Wa mwisho tulimzika miezi minane iliyopita, akiwa na mwaka mmoja na nusu. Baada ya mazishi mke wangu alivumilia miezi mitano ya kuishi na mtu asiyesema, akachoka, akamshika mkono binti yetu wakaenda kwa baba yake. Wiki iliyopita niliishia pale nilipobaki peke yangu kwenye vyumba viwili, nalala kwenye kochi kwa sababu kitanda kilikuwa kikubwa mno.

Nikadhani mabaya yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamekwenda kuvuta pumzi.

Jumanne asubuhi nikasikia honi nje ya gereji. Mbili fupi, moja ndefu. Honi ile naijua. Ni ya baba mkwe.

Baba mkwe wangu ni mpima ardhi mstaafu. Watu wanamwita Mzee Futi, kwa sababu hatembei bila futi mfukoni, na ukimkaribisha kiti anakitazama kwanza miguu kama imekaa sawa. Tangu binti yake arudi kwake alikuwa hajakanyaga kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Gari linavuja."

Basi, hivyo tu. Hakuniuliza nimekula nini wala nimekondaje. Akafungua buti, akatoa boksi, akaliweka mezani kwangu kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto.

"Fungua."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na sampu mpya ya alumini, ile beseni ya chini ya injini inayobeba oili. Inang'aa, nzito, ina mapezi pembeni ya kupoza joto. Ya kwenye gari lake ilikuwa ya bati, ile ile iliyotoka nayo kiwandani, imeshaliwa na kutu, imezibwa viraka mpaka viraka vyenyewe vimezibwa.

"Nimesoma," akasema. "Alumini hailiwi na kutu, haipindi, na inabeba oili zaidi. Kina chake kimezidi kile cha zamani kwa milimita kumi na saba. Nimepima mwenyewe."

"Nakuamini baba."

"Usiniamini. Pima na wewe."

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, na binti yangu akaruka chini. Ana miaka sita. Tunamwita Kasuku, na akikaa nawe dakika mbili utajua kwa nini. Alinikimbilia, akanikumbatia na ovaroli yangu yote na grisi yake yote.

"Baba! Tunahama! Babu anatupeleka kwa mama mdogo, mbali, mbali mpaka unalala njiani! Jumamosi! Mama atakuwa anashona nguo dukani kwa mama mdogo, na mimi nitaenda shule yenye bembea!"

Nikamtazama Mzee Futi. Akatazama dari.

"Nilitaka nikwambie mwenyewe," akasema.

"Ungeniambia lini?"

"Ukishamaliza kufunga."

Sikucheka, wala sikulia. Nilisema jambo moja tu, jambo ambalo mimi husema kila ninapobanwa, na ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

"Sawa. Acha niangalie gari."

* * *

Mzee Futi aliondoka kwenda kwenye shughuli zake, akaniachia Kasuku mpaka alasiri. Nadhani ilikuwa huruma. Nadhani alipima akaona mtu anastahili siku moja.

Nikalinyanyua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi, nikafungua nati ya kumwagia oili. Ikatoka nyeusi tii. Kasuku alikuwa amekaa juu ya tairi, miguu inaning'inia, anaongea.

"Baba, gari likimwagwa oili linaumia?"

"Haliumii."

"Likiwa halina oili halafu mtu akaliwasha?"

"Litanoki. Vyuma vya ndani vinasagana, vinakamatana, injini inakufa."

"Inakufa kabisa?"

"Kabisa."

Akanyamaza. Kasuku kunyamaza ni tukio. Halafu akauliza, taratibu, "Kama mdogo wangu?"

Nilikuwa na spana mkononi. Nikaigeuza. Nikasema, "Nipe kile kitambaa pale."

Akanipa. Hakuuliza tena. Msomaji, ukitaka kujua mke wangu alikimbia nini, alikimbia hicho.

Nikaishusha sampu ya bati. Nikakwangua gasketi ya zamani, nikapangusa uso wa injini kwa petroli mpaka ukatakata. Halafu nikafanya anachofanya fundi yeyote asiye mvivu. Juu ya sampu kuna pampu ya oili, na kwenye pampu kuna mrija unaoshuka chini, mdomoni una chujio. Mrija huo ndio unaonyonya oili. Mdomo wake unatakiwa ukae karibu na sakafu ya sampu, milimita kumi hivi. Ukiwa mbali, oili ikisogea upande mmoja kwenye mlima au kwenye kona, mrija unanyonya hewa.

"Kasuku, una ule udongo wako wa kuchezea?"

Alikuwa nao kwenye begi, wa rangi ya chungwa. Nikamwambia akande donge. Alilikanda kwa heshima kubwa, ulimi nje. Nikalibandika mdomoni mwa mrija, nikaipandisha sampu mpya, nikaibana kidogo, nikaishusha. Donge halikuguswa. Nikaongeza jingine juu yake. Safari hii likabonyea. Nikalipima.

Milimita ishirini na saba.

Mzee Futi, na vipimo vyake vyote, alinunua sampu ndefu bila mrija mrefu. Zinatakiwa ziende pamoja.

Nikavuka barabara kwa Mama Vipuri. Ana duka la vipuri mbele ya gereji yangu, tumejuana miaka, na ndiye aliyempikia mke wangu uji wiki nzima baada ya mazishi. Akapanda ngazi, akapekua rafu ya juu, akashuka na mrija mrefu umefungwa kwenye nailoni.

"Una bahati," akasema. "Ulibaki huu mmoja."

Niliushika ule mrija pale dukani, nikasimama nao. Nikaanza kuhesabu. Leo Jumanne. Nikiufunga leo, Jumamosi wanaondoka. Nisipoufunga, hawaondoki.

Rahisi namna hiyo.

Nakiri na jingine, maana hapa nimekuja kukiri. Kwa dakika moja, pengine chini ya hapo, liliniingia wazo la kufunga sampu mpya na kuuacha mrija mfupi. Hapa mjini gari lingekwenda vizuri kabisa. Mlima wa kwanza tu, taa nyekundu ya oili ingewaka, na wangerudi nyuma ya gari la kuvuta. Halafu nikaona kichwa cha Kasuku kwenye kiti cha nyuma, na lori linatokea kwenye kona, nikajichukia mpaka mate yakawa machungu.

Nikachagua ubaya mdogo. Nikauzungushia mrija gazeti kuukuu, nikauficha nyuma ya mitungi ya gesi ya kuchomelea.

Mzee Futi aliporudi alasiri nilikuwa nimeshaandaa uso.

"Baba, sampu ni nzuri, lakini inataka mrija mrefu. Haupatikani. Inabidi uagizwe. Wiki mbili."

Nikamwonyesha madonge ya udongo na vipimo. Kila nilichomwonyesha kilikuwa kweli isipokuwa hilo neno moja. Akachukua futi yake, akapima donge mwenyewe mara tatu, akatikisa kichwa.

"Kosa langu," akasema. "Miaka arobaini sijawahi kukosea kipimo."

Alisema kwa unyonge mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba amezeeka. Akamshika Kasuku mkono.

"Basi safari itasubiri," akasema. "Nitamwambia binti yangu."

* * *

Jumatano Kasuku aliletwa tena. Nikamtengenezea bembea kwa kamba na tairi bovu. Akabembea mchana kutwa, anaimba nyimbo za kubuni. Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi kama mwizi aliyelala salama siku ya kwanza.

Alhamisi, saa nne asubuhi, gereji ikaingia kivuli cha mtu mmoja. Nikainua macho.

Mama Kasuku.

Miezi mitatu sikuwa nimemwona kwa karibu. Alikuwa amesuka nywele upya na amepungua. Alisimama pale pale alipokuwa akisimama zamani akiniletea chakula, asije akachafua viatu.

"Mtoto yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwacha kwa babu yake," akasema. "Leo nina maneno ambayo si ya mtoto. Nimeambiwa mrija haupatikani."

"Haupatikani."

"Nimesikia huwa unaagizwa."

"Ndiyo. Wiki mbili."

Akageuka, akatazama ng'ambo ya barabara. Nikafuata macho yake. Mama Vipuri alikuwa amesimama mlangoni kwake, kashika kiuno, uso umemshuka.

"Nilipita kumuuliza kama anaweza kuuharakisha," akasema mke wangu. "Akashangaa. Akaniambia alikupa Jumanne."

Akanigeukia.

"Uko wapi?" akauliza.

Nikaenda nyuma ya mitungi, nikautoa, nikalikunjua gazeti. Niliuweka mezani, nikashindwa kumtazama.

"Nilificha," nikasema.

"Naona."

"Nisamehe."

"Funga gari."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata pa kushikia.

"Utasubiri?" nikauliza.

"Nitasubiri. Sitakuamini tena mpaka nione mwenyewe."

Nikalala kwenye ubao wa magurudumu, nikajisukuma chini ya gari. Huko chini ni giza hata mchana. Nikapapasa nikitafuta taa ya waya, mara mwanga ukaja wenyewe. Alikuwa amechuchumaa, kaishika taa, ananimulikia. Hivyo ndivyo tulivyoanza maisha. Kabla sijapata gereji nilikuwa natengeneza magari ya watu uani, na yeye ndiye alikuwa akinishikia taa.

Nikaona viatu vyake tu, na mkono wenye taa. Yeye aliona buti zangu. Labda ndiyo maana tuliweza kuongea.

"Ulitaka nini kwa hizo wiki mbili?" akauliza.

"Sijui. Muwe karibu."

"Ulikuwa na miezi mitano ya kuwa karibu. Nilikuwa nalala sentimita thelathini kutoka kwako."

Binti wa mpima ardhi. Nusura nicheke.

Nikatoa mrija mfupi, nikafunga mrefu, bolti zake mbili. Nikapaka silikoni kwenye ukingo wa sampu, mstari mmoja usiokatika. Nikaipandisha. Nikaanza kuzishika bolti kwa vidole, moja moja, kutoka katikati kwenda pembeni. Hiyo ndiyo kazi ya alumini. Bati unaweza kulikandamiza kwa nguvu, likapinda, likakusamehe. Alumini haitaki hasira. Ukikaza zaidi ya kipimo inapasuka au meno ya bolti yanang'oka, na hairudi. Nina spana maalumu yenye kipimo, bolti ikifika inapotakiwa inalia tik, nawe unaacha hapo hapo.

Tik.

"Nilikuwa sitaki uombe msamaha wa mrija," akasema. "Nilikuwa nataka umtaje mtoto. Mara moja tu. Useme nimemkumbuka. Useme chochote. Nilikuwa nikimtaja unaniuliza kama chumvi imeisha."

Tik.

"Ningewaambia watu kuwa huna moyo, lakini ninakujua. Ndiyo maana nimeumia."

Mkono wangu ukasimama. Nikaona kama silisemi sasa, hapa gizani, sitalisema mpaka nife.

"Mama Kasuku. Siku ile ulinipigia simu mara tatu."

"Najua. Ulikuwa chini ya gari. Simu ilikuwa kwenye koti ukutani, hukusikia."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Ndivyo nilivyomweleza siku ile hospitalini, ndivyo nilivyomweleza kila mtu msibani.

"Simu haikuwa kwenye koti," nikasema. "Ilikuwa mfuko wa kifuani. Niliitoa nikaitazama. Nikaona ni wewe. Mara zote tatu."

Mwanga ukayumba.

Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza nimekwisha. "Asubuhi daktari alituambia moyo wake umechoka, tusiende mbali. Mimi nikatoroka, nikaja hapa, nikasema namalizia gari la mteja. Simu ilipoita nikajua umepiga kuniambia amekufa. Nikasema moyoni, nisipopokea, bado hajafa. Nikaendelea kukaza nati. Ndiyo maana siwezi kumtaja. Kila nikitaka kumtaja nasikia ile simu."



Taa ikawekwa chini, taratibu, juu ya sakafu. Viatu vikageuka. Nikaviona vikienda mpaka kwenye geti, hatua kwa hatua. Nikafumba macho.

Vikasimama. Vikarudi.

"Toka huko chini."

Nilitaka kusema bado bolti mbili. Nikalimeza. Nikajisukuma nje, nikakaa pale chini, oili imenichafua mpaka shingoni. Uso wake ulikuwa umekauka. Sijawahi kumwona vile, hata makaburini.

"Sikukupigia kukuambia amekufa," akasema.

"Nini?"

"Alikuwa hai. Aliamka. Alifumbua macho vizuri kabisa, akaanza kuita baba. Baba, baba, kama alivyokuwa akifanya ukirudi kazini. Nesi akasema mpigie mwenzio upesi, asikie sauti yake. Nikapiga. Nikamwekea simu sikioni."

Nikainua mkono, nilitaka aache. Hakuacha.

"Akawa anausikiliza ule mlio wa kuita. Anacheka. Alidhani ule mlio ndio wewe. Ukakatika, akanitazama, nikapiga tena. Akacheka tena. Nikapiga mara ya tatu. Ya tatu hakucheka, alikuwa amechoka. Lakini alisikiliza mpaka mwisho."



"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu nilijua hukusikia simu!" Hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Nikasema, maskini, alikuwa kazini, hana kosa, nikimwambia nitamuua bure. Nikalibeba peke yangu. Miezi minane nimelala na ule mlio kichwani ili wewe usiumie. Nikakukimbia ili siku moja nisije nikakasirika likanitoka. Nilikuwa nakulinda!"

Akajifuta uso kwa kiganja, haraka, kwa hasira.

"Sasa limenitoka. Libebe na wewe."

Akaondoka. Safari hii viatu havikusimama.

Nilikaa pale sijui muda gani. Halafu nikarudi chini ya gari, maana bolti mbili zilikuwa bado na mikono yangu haikujua kazi nyingine. Nikakaza ya kwanza. Tik. Nikakaza ya pili. Tik. Nikaiweka spana chini, nikalia. Nililia kwa sauti, mgongo sakafuni, machozi yananiingia masikioni. Nilimwita mwanangu kwa jina lake. Nilimwita mpaka sauti ikakwama.

Baadaye nikaja kuambiwa kwamba Mama Vipuri alivuka barabara aje kuniomba radhi kwa kusema ukweli, akaziona buti zangu zinatikisika, akarudi kinyumenyume na kulisukuma geti lifungike nusu, wateja wasiingie.

* * *

Ijumaa silikoni ilikuwa imekauka. Nikalishusha gari kutoka juu ya stendi, nikajaza oili, nikawasha injini, nikaiacha ingurume nusu saa. Nikatandika karatasi nyeupe chini yake. Hata tone. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuipenda hata kidogo.

Jumamosi saa mbili asubuhi wakaja wote watatu, wamekodi gari la kuwaleta pamoja na mizigo. Mzee Futi akapiga goti, shati la safari na yote, akachungulia karatasi yangu. Akatoa futi, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye sampu.

"Sentimita kumi na saba na nusu. Panatosha," akasema. Akasimama akijishika kiuno, akanitazama kwa muda. "Binti yangu hajala tangu juzi. Sijui mmeambiana nini, na siulizi."

"Baba..."

"Nimesema siulizi."

Tukapakia. Masanduku mawili, cherehani imefungwa kwenye shuka, begi la Kasuku. Mama Kasuku aliingia kiti cha nyuma, akafunga mlango, akakaa akitazama mbele. Hakunisalimu. Macho yalikuwa yamevimba kama yangu.

Kasuku akanishika shingo. Kwa mara ya pili wiki hiyo hakuwa na maneno. Nikambeba, nikamkalisha kiti cha nyuma kando ya dirisha, nikamwambia atakuta bembea yake akirudi. Sikujua kama namdanganya.

Mzee Futi akatia ufunguo. Injini ikashika mara moja.

Halafu mlango wa nyuma ukafunguka.

Mama Kasuku akashuka. Akaenda upande wa dereva.

"Baba, shuka kidogo."

"Tumesahau nini?"

"Shuka tu, baba. Na wewe Kasuku, njoo ukae na babu. Muonyeshe bembea."

Mzee Futi alinitazama, akamtazama binti yake, akashuka. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake kufanya jambo bila kuuliza umbali. Kasuku akamvuta mkono, ulimi umeshamrudi, anaanza kumweleza tairi lile lilitoka kwenye gari gani.

Mke wangu akanigeukia.

"Endesha," akasema.

"Twende wapi?"

"Fundi si hulijaribu gari kabla ya safari? Lijaribu."

Akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda. Nikaingia. Ovaroli yangu ilikuwa chafu na kiti kilikuwa kisafi, na hakuna aliyejali. Nikatoka getini polepole. Mama Vipuri alikuwa ameshika mdomo kwa mkono mmoja.

Gari lilikwenda kama maji. Taa ya oili imezima, injini inanguruma chini chini, haikosi hata mpigo mmoja. Tulipita maduka, tukapita shule, tukapita hospitali. Pale hospitalini aligeuza uso dirishani, nami nikauma meno. Nilijua ni zamu yangu kusema, nikafungua mdomo mara mbili, mara mbili hakikutoka kitu.

Tukafika kwenye njia panda.

Kulia unazunguka unarudi gereji, Mzee Futi anakamata usukani, wanakwenda zao. Kushoto ni makaburini. Tangu tuzike, kushoto kule sijakata hata siku moja. Nikiitwa kwenye gari bovu upande ule nazunguka mji mzima nitokee kwa nyuma.

Nikasimamisha gari. Nikamgeukia.

"Niende wapi?"

Alikuwa ameshika mikono yake mapajani. Nyuma yetu kulikuwa na lori, likapiga honi.

"Mimi nimeshasema yangu yote," akasema, bila kunitazama. "Kata kona unayoitaka."

Lori likapiga honi tena, ndefu. Dereva wake akatoa kichwa nje akanitukana. Mkono wangu ukaenda kwenye indiketa, ukakaa hapo.